Herufi zinazojirudia katika majina ya Arusha na siri iliyomo ndani yake

MGENI anayeisoma ramani ya Jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru hachukui muda mrefu kugundua kwamba herufi zilezile zinamrudia machoni. Ngarenaro, Ngaramtoni, Ngarenanyuki, Ngaresero. Halafu Olmotonyi, Olmoti, Oloirieni, Oldonyosambu. Akizunguka upande wa kusini mashariki wa mlima, mwanzo wa majina unabadilika ghafla: Nkoaranga, Nkoanrua, Nkoarisambu.

Wakazi wengi wa mjini huyatamka majina hayo kila siku, wakiwa ndani ya daladala au wakimwelekeza mtu njia, bila kujiuliza kwa nini yanafanana. Wapo wanaodhani ni bahati tu, na wapo wanaoamini kuwa ni namna Wamaasai wanavyopenda kutamka. Ukweli ni kwamba vipande hivyo ni maneno yenye maana kamili. Anayeyafahamu maneno yasiyozidi kumi anaweza kuisoma nusu ya ramani ya mkoa huu kama anavyosoma barua.

Jambo hili si la Arusha peke yake. Huko Uingereza ipo miji ya Manchester, Lancaster na Leicester, ambayo majina yake yote yamebeba neno moja la Kilatini, castra, yaani kambi ya askari. Warumi waliondoka katika kisiwa hicho karne nyingi zilizopita, na kambi zao zimebaki magofu, lakini herufi zao zingali kwenye vibao vya vituo vya reli. Kwa Arusha waliotoa majina hawakuondoka. Wasemaji wa Kimaasai, wakiwamo Waarusha waliohamia miteremko ya kusini magharibi ya Mlima Meru katika miaka ya 1830 na kuanza kilimo, bado wapo na bado wanaisema lugha hiyo. Kilichoondoka ni mazoea ya kuwauliza.

Maji kwanza

Kipande kinachoonekana zaidi ni 'ngare'. Kwa Kimaasai maji huitwa enkare, na wengine huandika engare, kwa kuwa sauti ya 'k' inapofuata 'n' husikika kama 'g' masikioni mwa watu wengi wa upande huu wa mpaka. Neno hilo hilo hutumika kwa kijito au mto. Kiswahili kilipolipokea kiliangusha 'e' ya mwanzo, likabaki 'ngare'.

Ngarenaro, kata maarufu ya jijini, asili yake ni Engare Narok, mto unaoshuka kutoka Meru na kukatiza mjini. Narok maana yake ni nyeusi. Ngarenaro basi ni 'maji meusi'. Ngarenanyuki, kata iliyo kaskazini mashariki ya mlima, ni Engare Nanyokie, 'maji mekundu'. Engarenaibor, iliyoko Wilaya ya Longido, ni 'maji meupe'. Ngare Nairobi, katika Wilaya ya Siha mkoani Kilimanjaro, ni 'maji ya baridi'. Ngaramtoni, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kwenda Namanga, zamani uliandikwa Ngare Olmotonyi, na olmotonyi ni ndege mkubwa, hasa tai anayekula mizoga. Ndiyo sababu jirani yake, panapofundishwa misitu, panaitwa Olmotonyi. Majina hayo mawili ni jina moja lililogawanywa, mmoja akachukua maji na ndege, mwingine akabaki na ndege peke yake.

Mtu wa mjini akisikia 'maji meusi' huenda akafikiria mfereji wa maji machafu. Hapo atakuwa amekosea njia. Katika imani ya Wamaasai, Mungu, ambaye jina lake Enkai ndilo pia jina la mbingu na mvua, hutajwa kwa sura mbili. Enkai Narok, mweusi, ni mpole na mwenye kuleta mvua na malisho. Enkai Nanyokie, mwekundu, ni wa hasira na ukame. Weusi unaozungumzwa ni ule wa wingu lililojaa. Kuuita mto Narok ni kuusifu. Hali ya baadhi ya mito ya mjini hivi leo, ambamo taka za majumbani hutupwa, ni suala jingine, na waliotoa jina hawahusiki nalo.

Msomaji atakuwa ameshaona kwamba katika majina hayo yamo maneno matatu yanayofahamika kote Afrika Mashariki: Narok, Nanyuki na Nairobi. Yote ni ya Kenya, na yote ni sifa zilizopoteza nomino yake. Mji mkuu wa Kenya ulichukua jina la kijito cha Enkare Nairobi, kisha reli ilipofika hapo mwaka 1899 na kambi ikageuka mji, neno 'maji' likaachwa nyuma. Hivyo jiji lenye mamilioni ya watu linaitwa kwa kifupi 'yenye baridi', bila kutaja ni nini chenye baridi. Siha, ambako maghorofa ni machache, wamebaki na jina zima.

'Na' hiyo ya mwanzo ina kazi maalumu. Nomino za Kimaasai hugawanyika katika jinsia, ya kiume na ya kike, na sifa hufuata jinsia ya nomino. Maji ni ya kike, kwa hiyo sifa yake huanza na 'na': narok, nanyokie, naibor. Mlima ni wa kiume, na sifa yake huanza na 'o': orok, onyokie, oibor. Ndiyo maana mlima ulio juu ya mji wa Namanga unaitwa Oldoinyo Orok, mlima mweusi, na Kibo yenye theluji Wamaasai huiita Oldoinyo Oibor, mlima mweupe. Narok na Orok ni neno moja lililovaa nguo mbili. Anayesema 'kitabu changu' na 'nyumba yangu' bila kuumiza kichwa hana sababu ya kuliona hilo kuwa gumu.

Ol, Il na En

Kipande cha pili, 'ol', hakina maana ya kitu chochote kikisimama peke yake. Ni kiambishi cha nomino ya kiume katika umoja, na wingi wake ni 'il'. Kwa upande wa kike umoja ni 'en', au 'enk' mbele ya irabu, na wingi ni 'in'. Kwa hiyo Ilboru, panapojulikana nchini kote kwa shule yake ya sekondari, na Ilkiding'a, kata iliyo mlimani juu ya jiji, ni majina ya wingi, kama vile Kiswahili kinavyosema 'wa' na 'mi'.

Jinsia hiyo haihusu watu na wanyama tu. Mara nyingi kitu kikubwa huwekwa upande wa kiume na kidogo upande wa kike. Olalem ni upanga, enkalem ni kisu kidogo. Herufi mbili za mwanzo zimebadilika, na upanga umekuwa kisu.

Baada ya 'ol' ndipo linapokuja neno lenyewe. Oldoinyo ni mlima, na humo ndimo wanamotoka Oldonyosambu na Oldoinyo Lengai, 'mlima wa Mungu', volkano hai iliyo karibu na Ziwa Natron. Olmoti ni chungu cha kupikia, jina lililopewa pia kreta moja katika nyanda za juu za Ngorongoro kwa sababu ya umbo lake. Oloirien, kata ambayo ofisini huandikwa Oloirieni, ni mzeituni mwitu, mti ambao moshi wake wafugaji huutumia kusafishia vibuyu vya maziwa ili yasiharibike upesi na yapate harufu nzuri.

Elerai, kata nyingine ya jiji, inatokana na olerai, mgunga mrefu wenye gome la manjano. Mti huohuo ndio uliotoa jina la msitu wa Lerai ulio ndani ya Kreta ya Ngorongoro. Mgunga huo hupenda mahali ambapo maji yako karibu chini ya ardhi, na wafugaji walijua hivyo muda mrefu kabla ya wachimba visima kufika na mitambo yao. Jina la Elerai halikutaja maji, lakini lilikuwa likiyaonyesha kwa kidole.

Yasiyosemwa na jina

Hata hivyo majina hayo yana mipaka yake, na mfano mzuri upo Ngarenanyuki. Mto wenye jina hilo hutokea kwenye miteremko ya mashariki ya Meru, ukapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha na kuelekea kaskazini kwenye nchi kavu. Jina linataja rangi, yaani kile ambacho jicho la mfugaji liliona alipowafikisha ng'ombe kunywa. Halitaji madini ya floridi, ambayo hayana rangi wala harufu.

Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina floridi nyingi, na maji yanayopita humo huibeba hadi kwenye ndoo za wananchi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi vya Arumeru vinakipita kiwango hicho kwa mbali. Matokeo yake yanaonekana wazi: meno yaliyobadilika rangi kuwa ya kahawia tangu utotoni, na kwa waliokunywa maji mengi ya namna hiyo kwa miaka mingi, mifupa iliyopinda. Kituo cha utafiti kilichoko Ngurdoto kimekuwa kikishughulikia njia za kuondoa floridi katika maji, ikiwamo kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Maji meusi, mekundu na meupe yana majina. Maji yanayoharibu meno hayakupewa jina kwenye ramani.

Jina pia si hati ya kumiliki ardhi, na hili linafaa kusemwa kwa uwazi kwa kuwa mabishano ya aina hiyo husikika kila panapozuka mgogoro wa mashamba. Neno la Kimaasai katika jina la kijiji linaonyesha nani alipaita hivyo kwanza au nani alisikika zaidi na waandishi wa ramani. Halisemi ni nani aliyelima hapo baadaye, wala ni nani aliyefukuzwa.

Ngarenanyuki yenyewe ni ushahidi. Jina ni la Kimaasai, lakini watu wapatao 3,000 walioondolewa hapo kwa nguvu na serikali ya kikoloni ya Uingereza mwezi Novemba 1951, nyumba zao zikachomwa moto ili mashamba yapewe walowezi wa Kizungu, walikuwa Wameru, wasemaji wa lugha ya Kibantu. Walitakiwa kuhamia Kingori, na wengi walikataa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York kuwasilisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Kura ya theluthi mbili iliyohitajika katika Baraza Kuu haikupatikana, lakini safari hiyo iliingia katika historia ya harakati za uhuru wa Tanganyika. Wameru waliona fahari kuitetea ardhi yenye jina la lugha ya jirani, na hakuna aliyewaambia kwamba jina hilo linawanyima haki.

Mfanano unaodanganya

Kuna hatari nyingine kwa anayeanza kuzipenda herufi hizi, nayo ni kuziona hata pasipokuwapo. Waingereza wenyewe wamewahi kunaswa. Neno hamburger lilitokana na mji wa Hamburg wa Ujerumani. Lakini kwa kuwa 'ham' kwa Kiingereza ni nyama ya paja la nguruwe, watu walidhani neno lina sehemu mbili, 'ham' na 'burger', wakachukua sehemu ya pili na kuiunganisha na jibini, kuku na samaki. Kosa hilo limezaa maneno yaliyoenea duniani kote. Lugha hiyohiyo huandika herufi za 'ough' katika maneno kadhaa, na karibu kila neno huzitamka kivyake, jambo ambalo wanafunzi wetu wanalijua kwa uchungu. Herufi kufanana ni dalili tu, na dalili huhitaji kupimwa.

Chukua Ngarambe, kijiji cha kusini mashariki ya nchi ambako Kinjekitile Ngwale aligawa maji ya dawa kabla ya Vita vya Majimaji vya mwaka 1905. Jina linaanza kama Ngaramtoni, na mahali hapo pamejulikana kwa sababu ya maji. Mpenda mafumbo angeweza kuapa kwamba 'ngare' imo humo. Haimo. Ngarambe iko katika nchi ya wasemaji wa lugha za Kibantu, mamia ya kilomita kutoka malisho ya Wamaasai, na mfanano huo ni wa bahati. Ndivyo ilivyo pia kwa Ngara ya mkoani Kagera, na kwa Nachingwea ya Lindi, ambayo 'na' yake haina undugu wowote na ile ya Nairobi.

Karibu zaidi na jiji upo mji wa Usa River, ambao wageni huusoma kibaoni wakidhani ni kifupi cha jina la Marekani. Usa ni jina la mto, na hutamkwa kama lilivyoandikwa.

Wengine huchanganya 'ol' na 'ole'. Ole katika majina ya watu, kama la William ole Ntimama, mwanasiasa wa Kenya aliyetoka Narok na kufariki mwaka 2016, maana yake ni 'wa', yaani mtoto wa fulani au mtu wa ukoo fulani. Ol ya Olmoti ni sehemu ya nomino. Kumwita mtu 'Bwana Ole' ni sawa na kumwita Mswahili 'Bwana Bin'.

Kalamu za makarani

Sehemu kubwa ya ugumu wa kuyatambua majina haya imetokana na maandishi. Kiswahili hupenda neno liishie kwenye irabu, kwa hiyo Narok ikakatwa 'k' na kuwa Naro, na Oloirien ikaongezewa 'i'. Wakoloni wa Kijerumani na Kiingereza nao waliandika kila mmoja kwa sikio lake. Upande wa Kenya 'k' ya Narok ilibaki, na upande wetu ikapotea, ndiyo maana mtu wa Narok akifika Ngarenaro hapati habari kwamba amefika kwa jina la kwao.

Tofauti hizo zinaweza kumgharimu mtu muda na nauli. Oldonyosambu huandikwa pia Oldonyo Sambu na Oldoinyo Sambu. Ngarenanyuki huandikwa kwa neno moja au mawili, na katika nyaraka za kesi ya ardhi ya Wameru iko chini ya herufi E, kama Engare Nanyuki. Kompyuta haijui kwamba hayo ni mahali pamoja. Mwanafunzi anayetafuta historia ya kijiji chake, au mrithi anayefuatilia karatasi za shamba la babu yake, anaweza kuambiwa hakuna kitu, kumbe faili lipo, limekaa chini ya tahajia nyingine. Anayetafuta afanye busara ya kujaribu kwa 'e' na bila 'e', kwa nafasi katikati na bila nafasi, kwa 'doinyo' na kwa 'donyo', na kwa irabu ya mwisho ikiwapo na ikiwa haipo.

Kosa la kalamu lililosafiri mbali kuliko yote liko nje kidogo ya eneo la Meru, kwenye bonde lililo kati ya Ngorongoro na Serengeti. Wamaasai hupaita Oldupai, kwa sababu ya mkonge mwitu unaoota hapo kwa wingi na ambao huo ndio jina lake. Mwaka 1911 Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alifika bondeni humo, na jina likaingia katika maandishi ya Ulaya kama Olduvai. Kwa 'v' hiyo moja vimeandikwa vitabu vya elimu ya kale vya dunia nzima. Leo mgeni anayefika anaweza kukuta tahajia zote mbili, na mkonge wenyewe ukiwa bado umesimama kando ya njia.